Picha ya Kabla

Jumanne ile, saa kumi na mbili kasoro jioni, nilibakiwa na kazi moja tu: kukunja nyaya na kufunga studio. Kaka Zebedayo, mwenye studio na mwalimu wangu wa taa, alikuwa Vwawa kwenye harusi. Mimi nilikuwa likizo ya chuo, mwezi wa pili sasa najifunza kwake picha za urembo, ghorofa ya pili hapa Tunduma, dirisha linatazama foleni ya malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Kitini alikuwa Gwantwa, binti wa mama mdogo. Alishuka kutoka Ileje kwa ajili ya send-off yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, Jumamosi ya wiki hiyohiyo, na mchana kutwa nilikuwa namfanyia mazoezi. Taa ya bakuli juu ya uso wake, rifleta nyeupe ya kurudisha mwanga chini ya kidevu. Mwanga ukiingia juu na chini namna hiyo, vishimo vyote vya ngozi vinamezwa, na kila jicho linapata nukta nyeupe ya duara. Kaka Zebedayo huwa anasema soma macho kwanza, kwa sababu jicho lisilo na nukta ni jicho la maiti.

Simu ikaita. Kaka Zebedayo akaniambia kuna mteja anapanda ngazi, muuza krimu, anataka picha mbili za tangazo: kabla ya kupaka na baada ya kupaka. Nitafute binti yeyote mvumilivu.

Nilichemka. Chuoni nimesimama jukwaani mara ngapi kuupinga mkorogo wa kujichubua? Nimeongea hadi redioni. Na sasa nilishajua siri ya matangazo yale. Hakuna wiki sita za kupaka wala nini. Ni binti mmoja, siku moja, taa mbili. Ya "kabla" unaweka taa kali, tupu, pembeni kabisa mwa uso, kila kipele kinatupa kivuli chake na nusu ya uso inazama gizani. Ya "baada" unarudisha bakuli. Basi. Watu wanaungua nyuso zao kwa sababu ya stendi ya taa iliyosogezwa hatua mbili.

Nikaamua nitazipiga, kisha nitaziweka mtandaoni zote mbili na saa zake, nimuumbue mtu. Gwantwa alicheka nilipomweleza. Alisema kuwa mbaya dakika tano si tatizo, mradi Jumamosi nimrudishie sura yake.

Harufu ilitangulia mlangoni.

Udongo mbichi. Kama shimo lililochimbwa leo...

Mwanamke akaingia, wa miaka hamsini hivi, kitenge kimefungwa kichwani na kushushwa upande wa kushoto wa uso hadi kidevuni. Alisema anaitwa mama Brenda na jino linamsumbua. Akatusalimia "mulishani" kwa Kibemba, kama wafanyavyo wa mpakani, sauti yake ya chini sana. Mkononi alikuwa na kopo dogo lisilo na lebo. Hakuniomba ruhusa. Alimwinamia Gwantwa akampaka polepole, paji, pua, mashavu, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

Ningeweza kumzuia. Niseme ukweli wangu hapa: sikumzuia, kwa sababu ushahidi wangu ulihitaji krimu.

Alipomaliza akanisogelea sikioni.

"Anza na mbaya," akanong'ona. "Usianze na nzuri. Nakusihi, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema sababu haina faida kwangu, ila nimeshaambiwa. Hapo ndipo akili yangu ya mdahalo ikaamka. Bakuli lilikuwa tayari limepangwa, ya nini kulivunja? Picha haina tarehe usoni. Nilimjibu kwamba taa haijui kabla wala baadaye, na kwamba imani za namna hiyo ndizo zinazoturudisha nyuma. Nilimjibu vizuri. Hata Gwantwa alipiga makofi kunisifu.

Mama Brenda alikaza kitenge chake. Alirudi ukutani, akakunja mikono.

Nikaanza na nzuri.

Picha tano. Gwantwa aling'aa kama kikombe kipya. Kisha nikazima bakuli, nikaondoa rifleta, nikasogeza taa tupu kuliani kwake. Flashi ikaanza kujichaji, ule mlio wake mwembamba... tiiii... Huko nje malori yalikuwa yakipiga honi. Nilipobonyeza, honi zikakata zote kwa pamoja.

Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye kioo cha kamera Gwantwa alikuwa mbaya kuliko nilivyotaka. Kila tundu la ngozi lilionekana. Kivuli cha pua kilikatiza shavu la kushoto, cheusi, kama kimepigwa rangi.

Nikazima taa. Nikawasha globu ya darini.

Kivuli hakikuondoka.

Nilidhani ni macho yangu. Nikavuta stendi hadi upande ule wa pili, nikawasha taa ikipiga shavu lenyewe la kushoto, karibu kabisa, hadi Gwantwa akalalamika joto. Kivuli kilibaki palepale. Mwanga ulifika kwenye lile shavu ukafia hapo. Nikamgusa. Upande wa kulia ulikuwa na jasho. Wa kushoto ulikuwa baridi, na vidole vyangu vilikutana na vishimo na vipele ambavyo mchana kutwa havikuwepo.

Nikachomoa waya ukutani.

Mlio ukaendelea. Tiiii...

"Dada Jeni," Gwantwa akanong'ona, "mbona umenitazama hivyo?"

Nikasoma macho yake. Hayakuwa na nukta.

Niligeuka. Mama Brenda alikuwa kwenye ngazi tayari, anafungua kitenge chake. Ngazi zetu hazina taa. Lakini nilimwona uso wote, kulia na kushoto, laini, umetandazwa mwanga wa juu na wa chini kana kwamba nimembebea bakuli na rifleta. Ndani ya kila jicho, nukta nyeupe ya duara.

Alitabasamu. Alikuwa mzuri, Mungu anisamehe.

Asubuhi niliulizia muuza krimu hadi nikamkuta mama Brenda mtaani Sogea akipakia maboksi kwenye toroli la kuvukia mpaka. Usiku mzima Gwantwa alikuwa amekaa na kioo mapajani, kila nikimwondolea anakidai. Alijaribu jua la asubuhi. Alijaribu sabuni, akajaribu jiwe la kusugulia miguu hadi damu ikatoka, na hata damu yenyewe upande ule ilionekana nyeusi. Nilimshika mama Brenda mkono na kumwambia nitampeleka polisi. Aliniuliza kwa upole nitaandikisha kosa gani, la kivuli?

Kisha akanieleza, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Yeye alikaa na kile kivuli miaka kumi na moja. Alipewa huko ng'ambo, Nakonde, na mtu aliyemwamini. Hakihami kwa hila wala kwa kudanganya. Mwenye nacho lazima amkataze mpigapicha waziwazi, na mpigapicha lazima asikie, aelewe, kisha afanye kwa kiburi chake. Wapigapicha kumi na wanne alikwenda kwao. Wote waliona aibu kumkatalia mtu mzima, wakaanza na mbaya.

"Halafu nikakusikia redioni," akasema. "Unavyobisha. Nikalia kwa furaha, mwanangu."

Nikamwachia mkono. Akanitilia kopo kiganjani. Ndani ilibaki krimu ya kupaka mara moja. Akasukuma toroli lake, na watu aliowapita waligeuka kumtazama.

Kwa hiyo nilijua la kufanya tangu Jumatano saa tatu asubuhi. Aliyekataa ni Gwantwa. Alisema hawezi kumtupia mtoto wa watu kitu kama kile, mtoto wa watu kakosa nini? Alisema heri send-off ivunjwe, heri arudi Ileje akae ndani. Nusu moja ya mdomo wake ilikuwa inaongea, nusu ya pili imelala.

Nikabishana naye. Jumatano yote, Alhamisi yote. Nilimwambia kukataza kwake kutakuwa kweli, tena kwa moyo wake wote, kwa hiyo dhambi ni ya mwenye kukaidi, na mwenye kukaidi ni mimi. Nilimuuliza mchumba wake atabaki mpaka lini. Nilimuuliza watoto wake watamtazamaje akiwanyonyesha. Alipoziba masikio nilishika mikono yake nikaishusha. Sijawahi kuzungumza vizuri hivyo katika maisha yangu.

Alhamisi jioni alisema sawa. Hakulia. Aliuliza tu kama binti atakayepakwa anafahamika.

Anafahamika. Ni Irene, wa darasani kwetu, yuko likizo kwao Mpemba, mji mdogo wa jirani. Muhula uliopita alinibwaga kwenye fainali ya mdahalo, mada ikiwa utu. Nilimwandikia nina nafasi ya picha za bure, aje na blauzi nyeupe, asipake chochote usoni. Alinijibu kwa mioyo mitatu.

Leo ni Ijumaa. Kaka Zebedayo amerudi kutoka Vwawa, nimemwomba aipeleke kamera ya pili kwa fundi. Bakuli liko juu, rifleta iko chini. Gwantwa amekaa ukutani, kitenge kimemfunika kushoto, anayarudia maneno yake ya kunikataza kimyakimya asije akayakosea.

Niko dirishani. Irene anavuka barabara katikati ya malori, ameinua uso kutafuta bango letu, na jua limempiga sawasawa.

Ana ngozi nzuri kweli.