Mbwa Aliyepakwa Oili ya Nguzo

"Hakuna mnyama atakayelala na maradhi katika boma hili nikiwa hai!"

Ndivyo alivyojisifu Mutahi wa Tetu, mguu mmoja juu ya uzio, ng'ombe wake watatu wakicheua kwa amani nyuma yake. Asubuhi ilikuwa tulivu, majani ya chai yanameta umande. Jamani, msimcheke bado.

Ila palikuwa na sauti moja ya kukera: kwara, kwara, kwara. Bosi alikuwa anajikuna. Huyu alikuwa mbwa wa Gathoni, mamake Mutahi, aliyeishi peke yake nyumba ya chini. Tangu macho ya mama yaingiwe na ukungu, alishika kamba ya Bosi akaongozwa hadi chooni, hadi kanisani. Sasa manyoya yalikuwa yamenyonyoka masikioni na tumboni, ngozi nyekundu, ina magamba.

Jumanne, Simeon, daktari wa mifugo, alikuja kumpandisha ng'ombe mmoja mbegu ya dume. Gathoni akajikokota hadi zizini.

"Daktari, hebu angalia hii mbwa yangu. Inajikuna mpaka inalia."

"Mama, wacha mtu afanye kazi," Mutahi akadakia. "Kwani Bosi anatoa lita ngapi?"

Sote tuliokuwapo tukaangua kicheko. Simeon hakucheka. "Huo ni upele, Mutahi. Ni sindano tu, na kuosha pale analala."

"Sindano ya mbwa! Ati nitaambia watu nini?"

Mutahi alikuwa na dawa yake. Huku kwetu nguzo za ua hupakwa oili chafu ya gari ili mchwa wasizile. Akawaza: kitu kinachomshinda mchwa kitashindwaje na upele? Jumamosi akamfunga Bosi, akampaka oili kwa brashi ile ile ya nguzo, tangu masikio hadi mkia.

"Ona vile anang'aa! Huyu, mchwa hatamguza!"

Masikini Bosi. Ngozi iliyochubuka ikaungua juani, naye akajilamba mchana kutwa. Jumapili alitapika, akatetemeka, miguu ikamkataa. Simeon, aliyeitwa mbio, alipofika na sabuni ya kumtoa oili, alimgusa kifuani, akavua kofia.

"Ungenikubalia Jumanne," akasema, basi.

Gathoni alikuwa ameketi chini, mkono shingoni mwa mbwa.

"Mutahi, amelala?"

"Amelala, Mama."

"Na mbona hajikuni?"

Mutahi alitazama mikono yake, myeusi hadi viwikoni. Siku hizi mama hatoki nje mpaka aje mtu wa kumshika. Mara nyingi hakuna anayekuja.

FUNZO

Mbwa hatoi maziwa, lakini ana ngozi inayouma kama yako. Akianza kujikuna mpaka ananyonyoka, mwite daktari wa mifugo mapema, usafishe anapolala, na oili chafu uiache kwenye nguzo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nilikuwa nikiyasema haya juzi mbele ya kioski, watu wametulia, nami nikaongeza kwa uchungu: "Wengine wetu tulimkanya Mutahi, lakini wapi!"

"Nani alimkanya?" Alikuwa Shiku, mke wa Mutahi, ameshika mkate. "Si ni wewe ulishika Bosi miguu akipakwa? Si ulicheka mpaka ukakaa chini?"

"Shiku, wacha hizo."

"Niwache nini? Nilipiga picha. Niwaonyeshe?"