Kitanda cha Halima

Ijumaa ile shuka ilikuwa na joto. Hidaya alipitisha mkono juu yake, akauondoa, akaupitisha tena. Karavani ilikuwa imefungwa kwa kufuli wiki nzima, ufunguo wake mmoja tu, nao anao mumewe. Nje upepo wa Januari ulikuwa unatetemesha meno, na mle ndani kila kitu kilikuwa baridi: sufuria, mito, hata kipande cha sabuni. Kitanda kidogo cha juu peke yake kilikuwa na joto, kama mtu kaamka sasa hivi akaenda kunawa uso. Hidaya akaikunjua mikunjo ya shuka, akashuka, na hakumwambia Khalfan.

Subiri nikueleze watu hawa, usije ukawahukumu bure. Khalfan na Hidaya walikuwa mtu na mkewe, wote wa Muheza, ndoa halali ya msikitini. Khalfan alikuwa dereva wa familia moja pale Al Rayyan. Hidaya alikuwa mpishi wa familia nyingine, Al Thumama. Na kule Doha, Qatar, mfanyakazi wa nyumbani hulala kwa bosi wake. Khalfan alilala chumba cha madereva, wanaume wanne, mwanamke hakanyagi. Mkewe alilala na wasichana wenzake nyuma ya jiko. Miaka minne walikutana Ijumaa kwa Ijumaa kwenye benchi za Kornishi, kando ya bahari, wakigawana sambusa, na jua likizama wanaagana kwa kupeana mikono. Watu na ndoa yao. Aibu iliyoje.

Basi mwishoni mwa mwaka 2012 Khalfan akaiona ile karavani. Ilikuwa nyuma ya zizi la mbuzi kwenye shamba la bosi wake, nyumba ndogo ya bati ya kuvutwa na gari, ya miaka ya sabini, ambayo marehemu baba wa bosi alikuwa akienda nayo jangwani msimu wa baridi. Magurudumu yalikuwa yamezama mchangani na njiwa wamejaa ndani. Bosi akacheka alipoombwa. "Ukiweza kuifufua, kaa humo Ijumaa na mkeo," akamwambia. "Ila isitoke hapa."

Wakaifufua kwa vya bure na vya kuokota. Sakafu ilikuwa imeoza, mguu unatitia. Khalfan akaing'oa yote, akapiga mbao za makasha ya friji yaliyotupwa. Dirisha la paa lilikuwa linavuja, akaliziba kwa silikoni iliyobaki kwa mafundi wa bafu la bosi. Rangi ya ukutani ilikuwa masalio ya ndoo tatu tofauti, wakazichanganya, ikatoka rangi isiyo na jina. Hidaya akashona mapazia ya kanga. Na Ijumaa ya kwanza walipokaa mlangoni wakinywa chai ya tangawizi, mbuzi wakiwachungulia, Khalfan akasema, "Mke wangu, leo nimekukaribisha kwangu." Wakacheka mpaka Hidaya akalia.

Tatizo lilikuwa kile kitanda cha juu. Kilikuwa cha mtoto, kifupi, kimepigiliwa ukutani juu ya meza. Khalfan alitaka kukibomoa apate rafu ya vyombo. Hidaya akakataa.

Walikuwa na mtoto mmoja, Halima. Walimwacha kwa bibi yake hajatimiza miaka miwili, wakaja kumtafutia. Alikufa kwa homa akiwa na mitano, akazikwa siku ile ile kabla ya alasiri kama ilivyo sunna, na wazazi wake wakaambiwa kwa simu. Asubuhi ya siku hiyo Hidaya alikuwa amepiga, akaambiwa mtoto amelala. Bosi wa Hidaya alimpa siku mbili za kupumzika. Kaburi la mwanawe hajaliona mpaka leo.

Kwa hiyo akashona shuka ndogo, akashona mto mdogo, na kila Ijumaa akawa anakitandika kile kitanda, na jioni wakiondoka anakiacha vile vile. Sasa hapo ndipo ninapomlaumu, na ninamlaumu kwa huruma. Kwetu Pwani nani asiyejua kwamba kitanda kisicho na mlalaji hukunjwa? Ukikiacha kimetandikwa umekaribisha, na aliyekaribishwa humjui. Hidaya alifundishwa hayo kabla hajajua kusuka nywele. Alijua, akatandika. Khalfan naye aliona, akanyamaza, kwa kuwa hakujua amwambieje.

Ijumaa iliyofuata ile ya joto, Khalfan alikuwa ameenda msikitini na Hidaya anakata vitunguu, jua la utosi, mchana kweupe. Akasikia visigino vinagonga ubao juu ya kichwa chake. To, to, to. Taratibu, kama mtoto aliyekaa anapunga miguu akingoja chakula. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya nazi yaliyopata jua kwenye nywele. Hidaya hakuinua uso.

"Halima," akaita kwa sauti ya chini.

Visigino vikaacha.

"Abee, mama."

Ndiyo sauti ile ile aliyokuwa akiisikia kwenye simu.

Toka siku hiyo akawa anamhimiza mumewe kwenda swala mapema. "Nenda, utakosa hotuba." Akitoka tu, mkewe anafunga mlango. Chakula cha humo kikaanza kukosa ladha. Khalfan anaona chumvi ikitiwa, na mdomoni ni maji matupu. Hidaya akawa anakonda. Nafula, Mkenya waliyelala chumba kimoja, akamuuliza, "Hidaya, kwani wewe hukuli? Ama uko mgonjwa na unatuficha?" Akajibu ni baridi tu.

Ijumaa moja ya Februari Khalfan alisahau kofia, akarudi kabla hajafika msikitini. Alipoukaribia mlango akamsikia mkewe anahadithia, kwa sauti ya kubembeleza ambayo hakuisikia tangu wako Muheza, na akataka kutabasamu, akidhani anaongea na nyumbani, mpaka alipokumbuka kwamba simu ya mkewe, aliyopewa akaitie vocha, iko mfukoni mwake yeye pamoja na funguo, na kabla fikra hiyo haijakaa sawa akasikia mtu mwingine anacheka mle ndani, kicheko chembamba cha mtoto, kisha kicheko kikakatika ghafla na sauti ikasema karibu kabisa na mlango, upande wa pili wa bati, pale pale alipouweka mkono wake, "Mama, baba amesimama hapa. Mbona haingii?"

Khalfan akakaa mchangani.

Alimwendea Hassani, mtu wa Tanga, mlinzi wa shule moja, ambaye baba yake alikuwa akisomea watu na yeye mwenyewe kisomo anacho. Hassani alikuja Ijumaa iliyofuata baada ya alasiri, na sare yake ya kazi, na chupa ya maji aliyoyasomea. Akainua macho kwenye kile kitanda, akayashusha upesi.

"Dada Hidaya," akasema, "huyu si mwanao."

"Najua."

"Unajua?"

"Kaka Hassani, nilimzaa mimi. Nisijue?" Hakuinua sauti. "Lakini ananiita mama. Nani mwingine ananiita mama?"

Khalfan akajiinamia, akalia mbele ya mgeni.

"Anakula kwako," Hassani akasema. "Jitazame mikono. Msimu huu huumalizi ukiwa hai. Nami nitasoma, lakini kitanda siwezi kukikunja mimi, wala mumeo hawezi. Aliyekaribisha ndiye anayeaga."

"Sikumuosha," Hidaya akasema. "Sikumvika sanda. Sikutia hata udongo. Leo niambiwe nimfukuze?"

"Mke wangu," Khalfan akanong'ona, "nimeshazika mmoja kwa simu. Usinizikishe na wewe."

Hidaya akamtazama. Kisha akapanda juu ya kiti.

Hassani akaanza kusoma. Hidaya akautoa mto kwanza, na visigino vikaanza kugonga ukuta, kuta zote nne kwa pamoja, na harufu ya mafuta ya nazi ikajaa mpaka ikageuka kichefuchefu, na sauti ikalia, "Mama nasikia baridi, mama usinifunue, mama nimefanya nini," naye akiikunja shuka kwa nusu, na tena kwa nusu, machozi yakidondoka juu ya kitambaa, akiibana kwa kidevu, akisema, "Nenda, nenda, nenda," mpaka shuka ikawa ndogo kama kitabu. Hapo kilio kikakoma. Sauti iliyofuata ilikuwa ya mtu mzima, tulivu, wala haikuwa na hasira.

"Asubuhi ile ulipiga simu ukaambiwa amelala. Hakuwa amelala. Alisema, simtaki yule wa kwenye simu, namtaka mama. Akamshika bibi yake."

Mlango ukafunguka na kujifunga. Nje mbuzi wakapiga kelele wote mara moja, kisha wakanyamaza. Chumvi ikarudi kwenye mchuzi. Khalfan aliuonja akasema alhamdulillahi.

"Hao ni waongo," Hassani akamwambia Hidaya wakati anavaa viatu. "Wakishindwa hurusha mshale wa mwisho. Usiubebe."

Aliubeba. Magharibi ilipoingia, Khalfan akiwa amemshika mkono, Hidaya alimpigia mama yake Muheza. Akamsalimu, akamuuliza afya, akauliza mvua. Kisha akasema, "Mama, siku ile nilipopiga asubuhi, Halima alikuwa amelala kweli?"

Alimsikia mama yake akivuta kigoda, akikaa.

"Hidaya," mama akasema, "nani kakwambia?"