Achari ya Bi Shomari

Kitambuzi kiliingia dukani kwa jirani bila kupiga hodi. Kilikuwa chuma cha ukubwa wa nazi, kinachoelea hewani kwa nguvu ya sumaku, na jicho lake moja lilisoma mboni na mapigo ya moyo kwa mkupuo. Kilimtafuta "Daktari Upendo," muuza vidonge maarufu wa soko pepe. Hakikukuta mtu. Kilikuta roboti lililovikwa sura ya kubuni, linachekeana na wateja. Duka likafungwa papo hapo.

"Hao hao! Wakomeshe!" Zuena alipiga vigelegele mlangoni pa duka lake, mwiko mkononi.

"Punguza sauti, bi mdogo, achari inaungua," Mwanakheri, mke mwenzake, aliita kutoka jikoni.

Zuena apunguze? Mume wao, Shomari, alikufa kwa vidonge vya presha vya namna hiyo hiyo, vya unga wa chaki. Walipokwenda kushtaki hawakupata wa kumshika shati. Muuzaji alikuwa jina tupu. Wenye soko wakasema kuwatambua wauzaji kutaua biashara. Kutaua biashara! Neno hilo Zuena hakulisahau. Aliandamana juani miaka, akamwagiwa maji ya kuwasha, mpaka Sheria ya Sura ikapita: kila muuzaji ajulikane, jina moja, sura moja. Miaka yote hiyo nyuma yake alisimama Mwanakheri na chupa ya uji.

Kitambuzi kikawageukia.

"Duka: Achari ya Bi Shomari. Bi Shomari ni nani?"

"Mimi," walijibu wote wawili.

Taa ikawa nyekundu. Watu wawili ndani ya jina moja ndiyo alama ya utapeli kiliyofundishwa kuisaka. Kikaeleza kwa upole: mmoja abaki, mwingine afutwe, la sivyo duka lifungwe.

"Mwandike yeye," Zuena alisema. "Mimi naosha chupa tu."

"Mapigo yako yanaonyesha uongo."

"Basi mwandike huyu," Mwanakheri akadakia. "Mimi hata kutia chumvi sijui."

"Uongo pia."

"Hilo la chumvi ni kweli," Zuena alinong'ona.

"Mnaweza kuomba kusamehewa sheria," kitambuzi kiliongeza.

Matajiri wa soko waliomba msamaha huo kila mwaka, na kila mwaka Zuena ndiye aliyewazomea. Leo apange foleni nyuma yao?

"Nifute mimi," alisema.

"Zuena!"

"Nifute, nimesema."

Taa ikawa ya kijani. Safari hii mapigo hayakuonyesha uongo.

Asubuhi iliyofuata kila chupa ilitoka mtamboni na sura ya Mwanakheri peke yake. Zuena alikoroga achari. Alipogeuka alimkuta mwenzake chini mkekani, na bakuli la gundi ya unga wa ngano, anabandika picha ya pili kwa mkono, chupa baada ya chupa. Picha ya Zuena, ile ya siku ya maandamano, kanga imelowa.

"Utatutia matatani, bi mkubwa."

"Kwa lipi? Sheria inataka mteja ajue wa kumshika shati. Nimemwongezea."

Zuena aliitazama chupa, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mbona umenibandika chini yako?"

"Bi mdogo alitaka akae wapi?"

Zuena alisonya, akavuta kigoda, akaanza kumshikia chupa.