Vidonge vya Peniel

Kila asubuhi hapa kwetu Ilongero, mimi nikiwa nakamua ng'ombe, kazi ya mjukuu wangu Felista ilikuwa kusaga kidonge kimoja cha mifupa. Alitakiwa akichanganye kwenye uji wa uwele, kisha amlishe mdogo wake Peniel. Peniel ana miaka saba na ana mtindio wa ubongo. Hasimami, hatembei wala hasemi, na mifupa isiyobeba mwili huwa dhaifu. Ndiyo maana hospitali walimpa vile vidonge, wakasema pia apate maziwa, dagaa na jua la asubuhi.

Kazi hiyo nilimpa Felista kwa sababu ana miaka kumi na miwili na macho yangu hayaoni maandishi madogo. Nilimwamini.

Siku moja nilikuwa namvalisha Peniel shati. Nikauvuta mkono taratibu, nikasikia ko! Mtoto akapiga yowe. Mkono umevunjika.

Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu. Daktari akauliza, "Vidonge anapata?"

"Kila siku, daktari," Felista akajibu upesi.

"Basi havimsaidii. Wiki ijayo nitambadilishia dawa."

Nililia njia nzima, nikisema mikono yangu ya kizee imemvunja mtoto. Felista alikaa pembeni yangu, akanisikia, akanyamaza.

Siku ya tatu nikapita bandani. Tetea wa Felista alikuwa anadonoa mashudu ya alizeti yenye vipande vyeupe. Nikaokota kimoja. Nilikijua.

"Felista! Hiki nini?"

"Shikamoo, Bibi."

"Shikamoo ulinipa asubuhi. Nakuuliza hiki!"

Akaanza kulia. "Mayai yake yalikuwa na ganda laini, yakipasuka kiotani. Theresia akanicheka darasani, eti kuku wangu anataga maputo. Nikaona kama kidonge kinakaza mifupa, kitakaza na ganda."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Na nilipokuwa nalia je?"

Heri angenivunja mimi mkono.

Kesho yake nikampeleka hospitali aseme kwa kinywa chake. Daktari alimsikiliza hadi mwisho.

"Mifupa ya Peniel ni dhaifu tangu zamani," akasema. "Siwezi kusema kidonge kingezuia. Lakini kwa uongo wako ningempa dawa isiyomfaa. Tutaendelea na vidonge vilevile. Kuku wako msagie maganda ya mayai."

Tangu hapo kidonge nakisaga mwenyewe. Jana Felista akaniomba, "Bibi, nirudishie kazi yangu."

Nikamwambia, "Nimeshakusamehe, mjukuu wangu. Ila kukuamini kutachukua muda. Mdogo wako hana maneno ya kusema 'leo sijapewa dawa.' Sisi ndio tunaomsemea, kwa hiyo tukisema uongo, unamwumiza yeye."

Leo nimemwachia amlishe. Nilikaa hapohapo, nikatazama kila kijiko mpaka bakuli likaisha.