Kiti cha Kushoto

Kengele ya mkanda ililia mara ya kwanza siku ya Jumapili, saa saba mchana, nje ya kanisa, huku waumini wamelizunguka gari la Khaemba wakipiga picha. Ting, ting, ting. Ni ile kengele inayomkumbusha abiria afunge mkanda, na abiria hakuwepo. Nasimiyu, mke wa Khaemba, alikuwa bado amesimama nje na Biblia kwapani, akiwaza atainamaje na tumbo la miezi saba aingie kwenye gari ambalo paa lake lilimfika kifuani.

"Nani amekaa hapo?" aliuliza.

"Ni sensa ya kiti tu, Madam," Khaemba alisema akicheka. Nasimiyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mumewe hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake tangu wajuane. Ilikuwa Madam tu, hata wakigombana. "Gari ya maana lazima iwe na madharau kidogo."

Na kusema ukweli, lilikuwa gari la maana. Jekundu, viti viwili, paa la kukunja, muungurumo ambao watoto wa mtaa waliujua kabla halijakata kona. Lilipanda mlima kutoka upande wa Longonot likiyapita malori kana kwamba yameegeshwa. Khaemba alikuwa fundi wa madirisha ya alumini mjini Nakuru, mashine ilimkata ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto akiwa bado mwanafunzi wa kazi, na tangu siku hizo aliliota gari hilo. Alipolipata alitembea kama mtu aliyerefuka. Lakini kila tuta lililikwaruza tumbo, buti yake haikumeza hata gunia la viazi, na mvua ikinyesha paa lilimvujia dereva begani. Tena lilikuwa na viti viwili, na wao walikuwa karibu kuwa watatu.

"Mtoto atakaa wapi?" Nasimiyu alimuuliza siku lilipofika.

"Kwa mapaja yako."

"Na akikua?"

"Akikua atanunua yake."

Nasimiyu alicheka siku ile, maana alimpenda huyo mwanamume na upuuzi wake wote. Jumapili hiyo hakucheka. Alipoketi kwenye kiti cha kushoto alikikuta kina joto, si joto la jua, bali joto la makalio ya mtu aliyeinuka sasa hivi. Kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa damu. Na njia nzima hadi nyumbani alihisi kitu kikimsukuma ubavuni, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, kama anavyosukumwa mtu aliyekalia nafasi ya mwenzake.

Kesho yake Khaemba alilipeleka gari kwa Wanyoike, fundi wake wa siku zote na rafiki yake. Wanyoike aliinama ndani, akakata waya wa kengele, akautoa na kuuinua juu ili wote wauone. Ting, ting, ting. Alipoingiza kichwa tena kusikiliza sauti inatoka wapi, mkanda ulichomoka wenyewe, ukamzunguka shingo, ukamvuta. Khaemba alimshika miguu akavuta upande wake. Mfupa wa bega ulilia kama kuni kavu, meno mawili yakadondoka kwenye kapeti, na mkanda haukuachia mpaka Khaemba alipoukata kwa kisu cha kazi.

"Boss," Wanyoike alimwambia hospitalini, mdomo umevimba, "hiyo kiti iko na mwenyewe."

Khaemba aliegesha gari uani, akalifunika turubai, akaanza kwenda kazini kwa miguu. Alidhani amemaliza. Nasimiyu naye alidhani hivyo kwa siku mbili nzima, akapika, akasahihisha madaftari, akalala usingizi mzuri.

Alhamisi saa kumi jioni walikuwa mezani wakinywa chai. Mvua ilikuwa imeanza. Meza yao ilikuwa na viti vitatu, na cha tatu kilikuwa upande wa kushoto wa Khaemba. Ting, kikalia. Kiti cha mbao, kisicho na waya wala betri. Nasimiyu aliweka kikombe chini polepole.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Usiongee," Khaemba alinong'ona pia. "Tafadhali, Madam, usiongee."

Kiti kilisogea nyuma kama mtu anayetaka kuinuka, na ile harufu ya udongo na damu ikajaa jikoni, na kabla Nasimiyu hajashika meza apate kusimama kichwa cha Khaemba kilipigizwa mezani mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, vikombe vikiruka na chai ikichanganyika na damu ya pua yake, naye hakuwa akipiga kelele bali alikuwa akisema "nisamehe, nisamehe, nisamehe" kama anayemjua anayempiga, kisha akainuliwa kwa shati, miguu ikining'inia, akatupwa kwenye kabati la vyombo likamwangukia, na Nasimiyu alipomrukia amfunike, mkono ambao hakuuona ulimzaba kofi lililomtupa ukutani, halafu mkono uleule ukatua juu ya tumbo lake, ukatulia hapo, mzito, wa moto, ukipapasa kama anayetafuta mlango.

Mtoto aliruka tumboni. Mkono ukatoka. Kiti kikarudi mahali pake, taratibu, kikanyamaza.

Hasira ya Nasimiyu ilikuwa imeushinda woga. Alimfuta mumewe damu kwa leso akamwambia, "Ulikuwa unaomba nani msamaha?"

Hapo ndipo Khaemba alipolia na kusema.

Mdogo wake, Sydney, aligongwa na lori miezi miwili nyuma kwenye barabara ya Rongai, karibu na ghala za mahindi, akafa palepale. Walimzika kwao Kimilili. Lakini kwao mtu akifa barabarani hazikwi mwili peke yake. Ndugu wa kiume lazima arudi pale alipoangukia, amfungulie mlango wa gari, amwite kwa jina na kumwambia twende nyumbani, kisha amfikishe kaburini bila kuongea na mtu njiani. Jumamosi, siku moja kabla ya kengele kuanza kulia, mama yao alimtuma Khaemba. Wanyoike alijitolea kumpa pikapu. Khaemba alikataa, akaenda na gari jekundu.

"Nilitaka watu waone vile namchukua ndugu yangu na gari ya heshima," alisema. "Sasa nikasimama pale, vijana wakajaa. Boss, hii inafika speed gani? Boss, tupige nayo picha. Simu zote zimeniangalia. Nikaona aibu kuita mtu hayuko. Nikafungua tu mlango nikasema polepole, haya, ingia twende nyumbani."

"Hukumwita jina?"

"Sikumwita."

"Na mama?"

"Aliniuliza. Nikamwambia nilimwita."

Nasimiyu alimtazama, akatamani kumpiga, akamkumbatia. Mume alikuwa mjinga, lakini alikuwa wake, na kitu kile kingemuua.

Mwanamke ambaye Nasimiyu alimwendea aliitwa Edinah. Hakuwa na kibuyu wala shuka jeusi. Kazi yake ilikuwa kusindikiza maiti kutoka Nakuru hadi makwao huko magharibi. Madereva wote wa magari ya mazishi walikuwa na namba yake. Alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa sweta la shule ya mjukuu wake, akitafuna njugu. Alilizunguka gari mara moja tu.

"Huyu si mtu," alimwambia Khaemba. "Huyu hakuzaliwa na mama. Ni wale wa barabarani, wanaokula ajali. Wewe ulisema ingia, hukusema nani. Akaingia mwenye alikuwa karibu."

"Mbona hatoki?" Nasimiyu aliuliza.

"Atoke aende wapi? Aliambiwa twende nyumbani. Sasa anatafuta kwake." Edinah alilitazama tumbo la Nasimiyu, kisha akageuza macho haraka. "Lazima yeye aliyemkaribisha ndiye amrudishe, na gari hiyohiyo. Akimtoa, amwite ndugu yake vile inatakiwa. Ingekuwa gari ya watu ningekaa nyuma nimwongoze. Lakini hii yenu ni ya wawili, na wawili washakaa."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Khaemba aliendesha peke yake na kile kitu kando yake, kengele ikilia njia nzima, na Wanyoike, bega moja limefungwa, akafuata na pikapu akiwabeba Nasimiyu na Edinah. Waliona kichwa cha Khaemba kikigongwa kwenye kioo cha dirisha, mara kwa mara, bila haraka. Hakusimama. Nasimiyu aliomba hadi maneno yakamwishia.

Karibu na ghala za mahindi Khaemba alisimamisha gari kando ya lami, injini ikiunguruma. Alishuka akiyumba, akazunguka mbele hadi upande wa kushoto, akafungua mlango.

"Toka!" alipiga kelele, na safari hii hakujali nani anamtazama, wala vijana waliokuwa wameanza kukimbia na simu zao. "Wewe sikukuita! Hapa kwangu si kwako! Toka!"

Vijana walisimama. Khaemba alikuwa amekamata hewa kwa mikono miwili na hewa ilikuwa ikimpiga, shati likichanika mgongoni mistari mitano mitano, damu ikiruka kwenye rangi nyekundu ya gari isionekane, akavutwa ndani hadi kiunoni na mlango ukambana mbavuni, ukafunguka, ukambana tena, Nasimiyu akipiga mayowe na Edinah akimshikilia asiende, mpaka Khaemba alipoweka mguu kwenye kizingiti cha gari akajitupa nyuma kwa nguvu zote, akaanguka chali kwenye mawe, na kitu kizito kikaanguka naye, vumbi likatimka, nyasi za kando ya barabara zikalala chini kama zimekanyagwa na ng'ombe.

Kengele ikanyamaza.

"Mwite sasa!" Edinah alisema.

"Sydney!" Khaemba aliita, akilia wazi kama mtoto. "Sydney, ndugu yangu, ni mimi Khaemba. Mama anakungoja. Ingia twende nyumbani."

Upepo ulipita. Ting, kengele ikalia, mara moja tu, kwa upole. Hata Wanyoike alifuta machozi. Khaemba alifunga mlango wa kushoto, akazunguka, akaingia upande wake, akaondoka kuelekea Kimilili bila kusema neno, kama inavyotakiwa. Gari lile lilikuwa jepesi. Kabla pikapu haijawaka lilikuwa limeshapotea.

Nasimiyu alirudi Nakuru akilia kwa furaha. Jioni mama mkwe alipiga simu.

"Sydney amefika," alisema. "Nilikuwa nikiota jua hapa nje, nikasikia mlango wa gari, na roho yangu ikatulia. Sasa najua yuko. Lakini mume wako ana nini? Amemfungulia ndugu yake mlango akiwa amekaa palepale, amenyoosha mkono tu. Hakushuka. Mimi mama yake hakunisalimia. Ameenda."

"Amechoka, mama. Ameumia."

Hata hivyo Nasimiyu alimpigia Edinah kumweleza. Edinah aliacha kutafuna njugu.

"Nasimiyu, mtoto wangu," alisema taratibu. "Pale barabarani, aliposhuka. Mlango wake mwenyewe, wa dereva, aliufunga?"

Nasimiyu alifumba macho akaona tena kila kitu: gari, vumbi, Khaemba akiyumba kuzunguka mbele. Na upande wa kulia, wakati wote wa mapigano, wakati wote wa machozi, mlango ukiwa wazi na kiti cha dereva kikiwa kitupu.

"Hakuufunga," alisema.

"Basi yule tuliyemtoa alipitia huo akachukua kiti cha mumeo. Lala kwa jirani. Usifungue kwako. Nakuja kesho."

Alilala kwa jirani. Lakini Jumapili saa sita mchana alisikia ule muungurumo ukikata kona, na moyo wake ukamshinda. Alitoka mbio.

Khaemba alikuwa ameshaegesha na kushuka. Alisimama uani, shati safi, uso hauna hata mkwaruzo. Majeraha ya jana hayakuwepo. Alikuwa akiitazama nyumba kama mtu anayeonyeshwa kiwanja chake.

"Nasimiyu," alisema, kwa jina, kwa mara ya kwanza maishani. "Nimefika nyumbani."

Aliinua mkono wa kushoto kumpungia. Vidole vilikuwa vitano, vyote kamili, na kidogo kilikuwa na ncha na ukucha.

Nyuma yake, ndani ya gari lililozimwa, kengele ilianza kulia. Ting, ting, ting. Nasimiyu alitazama kioo cha upande wa kushoto. Kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi ya mtu, na kiganja kilikuwa kikikigonga kutoka ndani, kikiacha alama ya damu kila kilipogusa: kiganja kipana cha fundi, vidole vinne vizima, na kidole kidogo kifupi, kilichokatwa ncha.

"Mtoto anacheza?" aliuliza yule aliyesimama uani, akaanza kumjia.