Huenda Ngano Ikashuka

Siku za shule, Redio hakuwa akienda nyumbani moja kwa moja. Alipitia ofisini kwa shangazi yake, ghorofani juu ya duka la dawa, akafanya hesabu zake kwenye meza ndogo ya dirishani, kisha saa kumi na moja wakarudi nyumbani pamoja. Jina lake la darasani lilikuwa jingine, ila hakuna aliyelitumia. Habari ikimfikia asubuhi, kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa nayo. Ndiyo maana wakamwita Redio.

Shangazi alikuwa mshauri wa fedha. Watu wa kila namna walipanda ngazi zile kumuuliza waweke wapi akiba zao: mwalimu aliyekaribia kustaafu, dereva wa lori aliyeuza kiwanja, vijana waliopata mshahara wa kwanza. Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya dunia, na Redio aliipenda kuliko televisheni. Shangazi aliweza kuweka kidole kwenye nchi ya mbali, akaeleza mvua ilivyokosekana huko, na jinsi ukame huo utakavyomfikia fundi cherehani wa hapa mtaani kupitia bei ya pamba. Redio alimsikiliza mdomo wazi. Aliona kama shangazi yake ana macho yanayovuka bahari.

Jumatatu moja shangazi alikuwa akizungumza kwa simu. "Mavuno ya ng'ambo yanaonekana mazuri," alisema. "Huenda ngano ikashuka mwezi ujao. Lakini sina hakika, usije ukategemea neno langu peke yake."

Redio alisikia ngano, akasikia ikashuka. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Jioni hiyohiyo alitumwa mkate. Mama Mikate, mwenye tanuri pale kwenye kona, alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi, akiandika oda ya unga: magunia arobaini, ya kumtosha miezi miwili.

"Usinunue sasa, mama," Redio alisema. "Ngano itashuka mwezi ujao."

"Nani kasema?"

"Shangazi."

Mama Mikate aliinua kalamu. Mtaa mzima ulimheshimu shangazi yule. "Kama ni yeye, basi sina neno," alisema. Akafuta arobaini, akaandika kumi na matano. Redio alirudi nyumbani kichwa juu, kama aliyekabidhiwa funguo za dunia.

Haikupita wiki tatu, mvua kubwa zikanyesha huko ng'ambo ngano ikiwa bado shambani. Meli zilizobeba mavuno ya mwanzo zikakwama bandarini. Unga ukapanda bei kwa karibu theluthi nzima. Asubuhi moja Redio alikuta mlango wa tanuri umefungwa, na kipande cha boksi kimening'inizwa: LEO HAKUNA MKATE. Wafanyakazi wawili walikuwa wameambiwa wakae nyumbani kwanza. Tangu siku hiyo alipita upande wa pili wa barabara, macho chini.

Siku ya tatu, Redio akiwa kwenye hesabu zake, mlango wa ofisi ulibishwa. Aliyeingia ni Mama Mikate.

"Sikuja kukulaumu, dada," alimwambia shangazi baada ya salamu. "Nataka kuelewa tu. Ile ngano uliyosema itashuka, mbona imepanda?"

"Mimi?" Shangazi alishangaa. "Nilikuambia lini?"

Penseli ya Redio iliganda juu ya karatasi. Mama Mikate hakumtazama kabisa. Alishusha pumzi, akasema taratibu, "Aa, nilisikia tu huko mtaani. Pengine nilisikia vibaya."

Redio alielewa: mama yule alikuwa akimfichia aibu. Angeweza kukaa kimya na mambo yakaishia hapo. Lakini wema ule ulimchoma kuliko fimbo. Akasimama.

"Ni mimi, shangazi. Mimi ndiye niliyemwambia."

Shangazi aliweka miwani mezani. "Nilisema maneno gani hasa, mwanangu?"

"Ulisema... huenda ngano ikashuka. Ukasema huna hakika."

"Na hilo neno huenda ulilipeleka wapi?"

"Nililiacha," Redio alisema, machozi yakimtiririka. "Nilitaka nionekane najua. Nisamehe, mama."

Mama Mikate alimvuta karibu. "Na mimi mtu mzima nilipaswa kupanda ngazi hizi nikauliza mwenyewe," alisema. "Nilipenda habari tamu."

Shangazi hakukaripia, wala hakulifanya jambo kuwa dogo. Alitoa karatasi, wakakaa watatu mezani. Kufikia jioni walikuwa wamepata njia: Mama Mikate aungane na waokaji wengine wawili wa mitaa ya jirani, wanunue pamoja moja kwa moja kwenye kinu cha kusagia ngano, kwa bei ya jumla. Tena wasinunue unga wa miezi miwili kwa mkupuo, bali kidogo kila wiki, ili bei ya siku moja isiwaangushe. Jumamosi ile wote walikwenda kinuni, na Redio akachukuliwa.

Hakuwahi kuona kitu kama kile. Maghala ya mviringo yalipanda juu mpaka shingo ikamuuma kuyatazama. Ndani, sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyake, na kutoka kwenye bomba nene ngano ilimiminika kama maji ya dhahabu, bila kukatika. Msimamizi wa kinu alimruhusu kuchota konzi moja ya punje.

"Hizo zimetoka nchi tatu," alisema kwa sauti ya juu, akishindana na mashine. "Zilichanganyika hapa hapa."

Redio alizitazama punje zile kiganjani, mwili ukimsisimka. Kuna mtu alizipanda, mtu asiyemjua, akaangalia mawingu kwa hofu. Kuna mabaharia, wapakuzi, madereva. Watu wote hao, na wala hawajuani, walikuwa wamefika kwenye kiganja chake kidogo.

"Shangazi," alinong'ona, "wewe unawezaje kuyajua yote haya?"

"Siwezi," shangazi alijibu.

Nje, vijana walikuwa wakipakia magunia kwenye lori, na wale wafanyakazi wawili walioambiwa wakae nyumbani wakiyahesabu kwa kelele za furaha. Redio aliwaomba radhi mmojammoja, akaahidi kusafisha trei za tanuri kila Jumamosi mwezi mzima. Kisha akarudi kusimama kando ya shangazi.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," shangazi alisema, akimshika bega, "na kila mwaka dunia huniacha nimeduwaa. Wingu moja likihama huko, tanuri linazimika hapa. Nani ataweza kuyabeba yote hayo kichwani? Anayekuambia anaijua bei ya kesho anakuuzia kitu ambacho hana. Mimi nasoma, nauliza, napima, kisha nasema huenda. Watu wananiamini kwa neno hilo, mwanangu. Ukipeleka habari, lipeleke na lenyewe, hata kama linakufanya uonekane mdogo. Mbele ya dunia hii, sisi sote ni wadogo, na hakuna aibu kusema hujui."