Laptop Yenye Kigugumizi

Laptop ya Zenon ilipata kigugumizi siku aliyohamishia humo mkanda wa mama mkwe wake. Kabla ya hapo ilikuwa nzima kabisa.

Zenon alikuwa mpiga video pale Kizwite, miaka ile simu za Kichina zilipofurika Sumbawanga na kila harusi ikataka DVD. Wenzake walitumia Windows za kunakili na virusi vikawasumbua kila wiki. Yeye alitumia Linux, mfumo wa bure usioshikwa na virusi ovyo, na alijisifia nao utadhani kauzaa mwenyewe.

Mkanda ulikuwa wa sherehe ya kipaimara kule Ilemba. Bibi Bertilla, mama yake Zita, ameketi kwenye kigoda anawaombea wajukuu. Haukupita muda akafariki. Zita, mke wa Zenon, hakubakiwa na sauti nyingine ya mama yake popote duniani.

"Nitengenezee, baba Jenifa," alimwomba mumewe. "Nimsikie mara moja tu bila kukatikakatika."

Kigugumizi kilikuja mahali palepale kila mara. Bibi akimaliza sala na kufunga mdomo, picha inakwama, inaruka, na spika zinatoa, "Zi-zi-zi-zi," mpaka Zenon azime.

"Ananiita," Zita alinong'ona.

Zenon akairudisha video nyuma. Yeye ndiye aliyeshika kamera siku ile, na alijua bibi hakumwita mtu. Zita hata hakuwepo. Alibaki mjini na binti yao Jenifa, aliyekuwa anaumwa.

Akazima madoido ya skrini. Akabadilisha driver, programu inayoendesha kadi ya picha, akarudisha mfumo wa sauti wa zamani. Kila alipotengeneza kitu, jina lilisogea kidogo. "Zi-zi" ikawa "Zit-zit." Na chumbani kukaanza kunuka udongo mbichi wa kaburi, katikati ya Julai, wakati Ufipa yote imekauka na upepo wa baridi unapeperusha vumbi mpaka kwenye sahani.

Maganga, jirani yao mfugaji, alikuja kuchaji simu. Aliposikia ile sauti alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Jirani, huyo anayeita unamwona?"

"Ni hitilafu tu, mzee wangu."

"Nimekuuliza, unamwona? Kwetu mtu akiitwa na asiyemwona, haitikii. Jini ukiliitikia umelifungulia mlango. Hiyo mashine inalikaba koo lisimalize jina. Iache hivyohivyo."

Zenon alicheka, lakini aliogopa, tena sana. Ila alikuwa amemwahidi mkewe, na tuseme ukweli, hakutaka ionekane Linux imemshinda.

Alasiri moja akagundua tatizo. Pale bibi anaponyamaza, prosesa, ubongo wa laptop, ilikuwa inajilaza ili kuokoa umeme, na kila ikizinduka sauti na picha vinakwama. Akaandika amri ya kuizuia isilale, akawasha upya, akauchezesha mkanda.

Sala ikapita, bibi akafunga mdomo, na safari hii picha haikukwama, ikaendelea laini, kuku akapita, upepo ukachezesha khanga ya bibi, na nyuma ya kigoda, mahali ambapo Zenon alikumbuka palikuwa na ukuta mtupu, kitu kirefu kikainama taratibu mpaka kwenye sikio la bibi, harufu ya udongo ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na kabla mkono wake haujafika kwenye kitufe, sauti isiyokuwa ya bibi, wala ya mwanamke, wala ya mwanamume, ikatamka jina zima: "Zita."

Kule jikoni mkewe, aliyelelewa vizuri, aliyefundishwa tangu utotoni kumwitikia mama kabla hajaita mara ya pili, na ambaye naye alimlea Jenifa vilevile, akaitikia.

"Abee, mama."

"Usiitike," Zenon alisema, lakini alikuwa amechelewa.

Kwenye skrini bibi alibaki peke yake. Video ikacheza safi hadi mwisho.

Zita alisimama kwenye mlango wa uani, mwiko mkononi. Kisha akawa mbele ya meza, na Zenon hakumwona akipiga hatua. Uso wake ukaganda katikati ya tabasamu, ukaruka, ukaganda tena. Ile harufu sasa ilitoka kwake.

"Mke wangu," Zenon alinong'ona.

Zita hakumwangalia. Aligeukia mlango wa mbele, njia anayorudi nayo binti yao kutoka shule.

"Je-je-je-je," akaita.

Nje kulisikika viatu vya mtoto vikikaribia. Zenon akatoka mbio kumziba mdomo mwanawe.